Pasi ndefu, enaji na pepa la asubuhi

Haya jamani, wa huko nyuma mnanipata? Sawa. Nimeitwa niongelee usingizi ila mi naanzia kwenye sahani, maana ukimuuliza mwanafunzi wa hapa Dodoma mbona hulali atakwambia msuli, yaani kusoma kwa kukaza, UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zimekaribia, sasa mchimbe kidogo, unakuta toka asubuhi kapiga pasi ndefu, chai hajaigusa, kala wali maharage saa kumi jioni ili aunganishe na usiku, saa sita tumbo linanguruma na desa, yaani notisi, liko mbele yake. Huyo usingizi autoe wapi?

Basi anashuka dukani kuchukua enaji, kile kinywaji cha kuchangamsha chenye kafeini, inakata njaa kwa bei ndogo kuliko msosi. Kafeini kwa wengi inachukua kama masaa matano kupungua nusu, kwahiyo ya saa nne usiku, saa tisa nusu yake bado unayo. Unakuja kulala alfajiri, kipindi cha saa moja kimekupita, chai nayo imekupita, na pasi ndefu nyingine hiyo imeanza wala hukuipanga.

Na ukikosa usingizi njaa inazidi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha kazi yao, walichukua vijana wa kiume 12 wenye afya, usiku mbili wakawapa masaa manne tu kitandani, wakalinganisha na usiku mbili za masaa kumi. Leptini, homoni inayokwambia umeshiba, ikashuka asilimia 18, grelini inayoamsha njaa ikapanda asilimia 28, na hamu ikaenda kwenye vitamu, vya chumvi na vya wanga. Ni watu wachache kweli, ila mkiona chipsi zege inawaita usiku msijiite walafi haraka.

Umri wenu mnatakiwa masaa 7 hadi 9. Na ubongo unayapanga uliyosoma ukiwa umelala, sasa anayekesha kuamkia pepa anajinyima pale pale.

Tuje kwenye hela. Watu wazima tunapenda kusema wanafunzi wanatapanya bumu, hela ya mkopo. Wapo, sikatai. Lakini ile 10,000 ya Bodi ya Mikopo kwa siku ni chakula na malazi humo humo, inakuja kwa mkupuo, mtu kapanga geto Ng'ong'ona, mwenye nyumba anataka yake, nyumbani kuna mdogo wake anasubiri ada, na kuna ambaye hana mkopo kabisa. Huyo ukimwambia "jipangie bajeti" umemtukana tu.

Ninachoweza kuwaambia, bumu likiingia, kabla ya kiatu, nunueni cha kukaa: unga wa uwele au mtama, maharage, karanga. Mnaucheka uji wa Wagogo, ila ukiwa na karanga za kusaga ndani unakufikisha mchana. Changeni na rumu meti. Najua hosteli nyingi hamruhusiwi kupika, na najua mnapika, sijasema kitu mimi.

Na ninyi viongozi mliokaa mbele, msidhani mmepona. Kipindi kinaanza saa moja asubuhi, muda huo mama ntilie ndo kwanza anapuliza mkaa. Aidha kafteria ifungue saa kumi na mbili, au kipindi cha kwanza kisogee saa mbili. Mojawapo tu, mniambie leo leo lipi linawezekana.