Land Rover 109 Katika Karakana ya Nyumbani: Kazi Ianzie Kwenye Fremu

Ndugu Mwenyekiti, mafundi wakongwe mliotutangulia, vijana mnaojifunza kazi, mabibi na mabwana: wakubwa wangu nawaamkia shikamoo, na wote nawashukuru kwa kufika.

Nimeombwa nizungumze juu ya kufufua pikapu ya zamani katika karakana ya nyumbani. Kwa kuwa tuko Arusha, mji uliokusanya Land Rover za kila umri katika tamasha la Oktoba 2024, sikuona haja ya kutafuta mfano mbali. Nitazungumzia Land Rover 109 ya Series III, yaani toleo la tatu, ile pikapu yenye kebini ya dereva mbele na bodi ya mizigo nyuma, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Namba 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, sawa na sentimita 277 hivi. Hoja ninayoileta mbele yenu ni kwamba fedha na muda wa mwenye gari viende kwanza kwenye chuma kisichoonekana, yaani fremu na ule ukuta wa mbele wa chuma unaotenganisha injini na dereva, kabla injini haijafunguliwa na kabla hata kopo moja la rangi halijanunuliwa.

Nasema hivyo kwa sababu ya imani moja iliyoenea sana, kwamba Landrova haiozi. Imani hiyo ina chanzo chake. Gari hili lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa mgao, kwa hiyo watengenezaji waliliundia bodi ya Birmabright, ambayo ni alumini iliyochanganywa na magnesi. Mabati hayo hayashiki kutu nyekundu, na ndiyo maana mtu anaweza kuikuta 109 imetelekezwa nyuma ya ghala kwa miaka mingi, akaifuta vumbi, akaona ubavu uliobonyea lakini mzima, akatoa fedha zake papo hapo. Alichokiona ni ngozi tu. Mifupa yote ni chuma: fremu, ukuta wa mbele, fremu za ndani ya milango, na vishikizo vingi vinavyounganisha mabati hayo.

Fremu ya 109 imeundwa kwa mabati ya chuma yenye unene wa takriban milimita 2, yaliyochomelewa pamoja yakawa boksi refu lenye uwazi ndani. Umbo hilo lina nguvu kwa uzito mdogo, lakini uwazi huo ndio unaoiponza. Maji na tope huingia kupitia matundu ya fremu, tope hukaa sakafuni mwa boksi, na kila mvua inapolilowesha upya, kutu huendelea kutoka ndani kuja nje. Rangi ya nje inaweza kubaki nzuri mpaka siku chuma kinapobaki na unene wa karatasi. Kwa hiyo ukaguzi wa macho hautoshi. Chukua nyundo ndogo, upige fremu nzima polepole kutoka mbele hadi nyuma, na usikilize kama mnunuzi wa chungu sokoni anavyokigonga kabla ya kukilipia: chuma kizima huita, chuma kilicholika hutoa mlio mfu. Palipo na shaka, sukuma bisibisi kwa nguvu. Likitokea tundu, bora litokee sasa, gari likiwa juu ya stendi, kuliko litokee mteremkoni likiwa na mzigo.

Sehemu za kuangaliwa kwa makini zinajulikana. Wa kwanza ni mhimili wa nyuma kabisa, ule unaobeba ndoano ya kuvutia, kwa sababu unapokea tope lote linalorushwa na magurudumu. Kisha yapo masikio yanayoshika springi za nyuma, na mikono ya fremu inayotoka ubavuni kuubeba ukuta wa mbele. Hiyo mikono ndiyo inayosahauliwa zaidi. Tope jeusi la huku kwetu hujishindilia juu yake likabaki na unyevu muda mrefu baada ya mvua kupita, na walio pwani, Tanga au Mombasa, wanaongezewa chumvi. Sehemu iliyo chini ya giaboksi, kwa upande mwingine, mara nyingi huwa nzima kabisa, maana oili imekuwa ikivuja juu yake tangu gari likiwa changa. Sijui kama mtengenezaji anastahili pongezi kwa hilo.

Kabla ya kukata chochote, pima. Weka gari juu ya stendi imara nne, kamwe si juu ya jeki peke yake, kisha pima kwa tepu kutoka sikio la springi la mbele kulia hadi sikio la springi la nyuma kushoto, na urudie kwa upande wa pili. Vipimo hivyo viwili vikipishana waziwazi, fremu imepinda, na kuichomelea vizuri kutakuwa ni kuugandisha huo upindo uwe wa kudumu. Vilevile pima nafasi ya nguzo za milango. Mikono ya fremu ikikatwa yote miwili kwa wakati mmoja, ukuta wa mbele hauna tena kitu cha kuuelekeza mahali pake, na matokeo yake ni milango isiyofunga na kioo cha mbele kisichokaa. Kata mkono mmoja, uweke mpya, uumalize, ndipo uende upande wa pili.

Katika kuchomelea, naomba niwe mkali kidogo. Kiraka kinachowekwa juu ya chuma kilicholika hakina kazi, kwani kinashikilia kutu, na kati ya kiraka na chuma cha chini hubaki nafasi ya maji. Kata mpaka ufikie chuma cheupe, kizima, kisha weka bati lenye unene usiopungua ule wa awali. Mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya na gesi ya kukinga, ndiyo nzuri kwa mabati ya unene huu, ila mwenye mashine ya kawaida na vijiti vyembamba vya milimita 2.5 anaweza kufanya kazi safi akichomelea vipande vifupi kwa kupokezana, kushoto na kulia, ili joto lisivute fremu upande mmoja. Chomoa betri na waya za altaneta kwanza. Na tangi la petroli la pikapu hii liko chini ya kiti cha mbele, jirani kabisa na mahali utakapokuwa unachomelea. Litoe kabisa garini, ulipeleke mbali na karakana. Wapo wanaodhani kulimwaga kunatosha, ilhali tangi lisilo na petroli ila lenye mvuke wake ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ni mvuke uliochanganyika na hewa unaolipuka.

Sasa nije kwenye alumini yenyewe, maana hapa ndipo ile imani ya kutooza inapovunjika kwa namna ya pili. Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye maji yenye chumvi, huwa betri ndogo, na katika jozi ya chuma na alumini, alumini ndiyo inayoliwa. Fungua mlango wa 109 uliopo pwani, tazama ukingo wa chini, mahali bati la alumini lilipokunjwa juu ya fremu ya chuma: utakuta unga mweupe, na bati limechakaa. Chuma cha ndani nacho, kikishika kutu, huvimba na kuipasua alumini iliyokifunika. Tiba yake ni kuzitenganisha. Kila chuma kinapogusana na alumini, kipakwe praima ya zinki na rangi, kisha kiwekewe utepe wa mpira au gundi ya kuzuia maji katikati, na bolti ziwe na washa za plastiki inapowezekana. Zile kona na kingo za bodi ya nyuma zenye rangi ya kijivu zilichovywa zinki kiwandani, na zinki na alumini haziumizani sana. Nimeona watu wakizitupa na kuweka za chuma kitupu kilichopakwa rangi kwa sababu zinang'aa. Ni ubadhirifu, na baada ya misimu michache ya mvua mwenye gari atarudi alipoanzia.

Ndani ya boksi la fremu, baada ya kazi kwisha na kukauka, nyunyiza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yale yale yaliyoingiza tope. Desturi yetu ya kupuliza oili chafu ya injini chini ya gari naifahamu, na ni kweli inazuia maji kwa muda. Lakini oili hiyo inakusanya vumbi, na inalainisha na kuharibu bushi za mpira za springi, ambazo katika gari hili ndizo zinazoshika ekseli mahali pake. Anayeitumia aielekeze ndani ya fremu peke yake.

Neno juu ya vifaa. Nati na bolti za gari hili nyingi ni za kipimo cha inchi. Spana ya milimita 13 inakaa juu ya nati ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, na inaonekana inatosha, mpaka nati iliyoshikwa na kutu inapogoma na kona zake zikakatika. Seti moja nzuri ya spana za inchi ni nafuu kuliko siku nzima ya kukata nati kwa grinda.

Injini nitaipitia haraka, si kwa kuidharau, bali kwa kuwa ndiyo sehemu rahisi zaidi ya gari hili. Ile ya petroli ya silinda nne ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, bloku na silinda hedi zote ni za chuma cha kalibu, na ni ya kuvumilia. Usiifungue mpaka kipimo kikuambie. Ipashe moto, toa plagi zote, kanyaga mafuta mpaka mwisho, upime mgandamizo wa kila silinda. Silinda iliyo chini ya wenzake uitilie oili kidogo na upime tena. Mgandamizo ukipanda, ringi zimechoka. Usipopanda, tazama valvu. Kurekebisha nafasi za valvu kuna kanuni ya tisa ambayo kila kijana hapa aichukue: valvu ya kwanza ikiwa imefunguka kabisa, unarekebisha ya nane, ya pili ikifunguka, unarekebisha ya saba, na kadhalika, jumla iwe tisa daima. Nafasi ni milimita 0.25 kwa zote.

Najua wengi hapa wangependa kufunga injini ya dizeli ya Toyota au Nissan, na kwa gari la kazi sina ugomvi nao, ila watambue kwamba vishikio vya injini hiyo vitachomelewa kwenye fremu ile ile tuliyoizungumzia, kwamba breki ni za ngoma magurudumu yote manne na zilipangwa kwa mwendo wa wastani, na kwamba namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari lazima ibadilishwe kisheria.

Kuhusu usukani na breki nina maonyo mawili. Ndani ya mhimili wa mbele wa fremu kumechomekwa kiungo cha usukani chenye springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa, na anayekifungua bila kukifunga kwa kamba au kukiweka ndani ya gunia anaweza kuumizwa vibaya springi inaporuka. Pili, shuu za breki za zamani huenda zina asbesto. Msipulize vumbi lake kwa kompresa. Lilowesheni kwa maji, mlifute kwa kitambaa, mkitupe.

Upande wa umeme, rangi za waya za Kiingereza zina mpangilio wake: nyeusi ni ya kwenda kwenye bodi, kahawia inatoka betri moja kwa moja, nyeupe inapata umeme swichi ikiwashwa, na kijani ni hiyo hiyo ikishapita fyuzi. Hitilafu nyingi baada ya ufufuaji zinatokana na rangi mpya iliyopakwa mahali waya nyeusi ilipofungwa. Kwangua pale mpaka metali ionekane, funga, kisha paka grisi.

Rangi ya nje ndiyo ya mwisho. Alumini ipigwe msasa usiotumika kwenye chuma, maana punje za chuma zikibaki juu yake huanzisha ulikaji ule ule, na ipakwe praima yake maalumu siku hiyo hiyo, kwa sababu hewa huanza kuifunika upya mara tu inaposafishwa. Mikwaruzo na mabonyeo ya kazi mimi huyaacha. Puti nene juu ya bati linalotikisika hupasuka.

Gari likishatembea kilomita mia chache za mwanzo, yu-bolti za springi zikazwe upya, mafuta ya breki yakaguliwe, na ile nyundo ndogo irudi tena chini ya fremu kwenye kila maungio mapya.

Ndugu Mwenyekiti, kwa ruhusa yako naomba tuhamie uani. Fremu ya 109 iko juu ya stendi, haijaguswa bado, na nimeweka chaki pembeni yake. Vijana waanze kugonga na kuweka alama palipolika, kisha wakongwe watasahihisha, na maswali tutayajibu papo hapo.