Yakobo na Ujira Uliobadilishwa Mara Kumi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mkristo akionewa kazini na kuja kanisani kutafuta shauri, jibu analolipata mara nyingi ni hili: mwachie Mungu, vumilia. Sina ugomvi na jibu hilo, kwa kuwa limo katika Maandiko. Ninachotaka tukitazame jioni hii ni namna Maandiko yenyewe yanavyomwonyesha mtu aliyevumilia, nami nimemchagua Yakobo, aliyemtumikia mjomba wake Labani huko Padan-aramu kwa muda wa miaka 20.

Mnakumbuka jinsi utumishi ule ulivyoanza. Miaka saba ilikuwa kwa ajili ya kumwoa Raheli, binti wa Labani, akapewa Lea, dada yake. Ikafuata mingine saba kwa ajili ya Raheli huyohuyo, kisha sita kwa ajili ya wanyama, na katika muda huo ujira wake ulibadilishwa mara kumi. Lakini lalamiko linalonigusa kuliko yote limo katika Mwanzo 31, mstari wa 39, ambapo Yakobo anasema kwamba mnyama aliyeraruliwa na wanyama wa mwitu hakumpelekea Labani, bali aliibeba hasara hiyo mwenyewe, na kwamba Labani alimdai kila kilichoibwa, kiwe kimeibwa mchana au usiku. Wafugaji waliopo hapa wanajua uzito wa neno hilo. Sheria za Hammurabi, zilizoandikwa Babeli yapata karne 18 kabla ya Kristo, zilisema kwamba simba akiua mnyama zizini, mchungaji ataapa kuwa hana hatia na hasara itakuwa ya mwenye mali. Na torati ya Musa, katika Kutoka 22:13, inamwagiza mchungaji alete mabaki ya mnyama yawe ushahidi, wala asilipe. Kwa hiyo, kwa wanyama walioraruliwa, Labani alimtoza mkwewe hasara ambayo hata desturi za nchi zile hazikumbebesha mchungaji.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limenipata. Nilikuwa mtunza stoo katika kampuni moja, mali ikapotea katika zamu isiyokuwa yangu, na mwisho wa mwezi nikaona makato kwenye hati yangu ya mshahara bila kuitwa wala kuulizwa. Kwa miezi mitano sikusema neno. Niliwaambia wenzangu kwamba namwachia Mungu, na nikaheshimiwa kwa hilo, lakini nyumbani nilikuwa mkali kwa mke wangu na watoto, na kila meneja alipopita mlangoni moyo wangu ulijaa chuki. Nilikuwa nikiuita uoga wangu uvumilivu.

Yakobo hakuwa hivyo. Tazameni anavyozungumza anapomkabili Labani katika mlima wa Gileadi: anataja idadi ya miaka, anataja mimba za kondoo ambazo hazikuharibika, anataja kondoo waume wa kundi ambao hakuwala, jua la mchana na baridi ya usiku, na mwisho anasema kwamba Mungu ameyaona mateso yake na kazi ya mikono yake. Huyu ni mtu aliyefanya kazi kwa uaminifu chini ya tajiri dhalimu na akaitunza hesabu yake yote. Ni kweli kwamba alikuwa ametoroka kwa siri, na Biblia haifichi udhaifu huo; hata hivyo, alipofikiwa alisema, tena bila kutukana na bila kuongeza chumvi.

Najua mtaniuliza juu ya waraka wa kwanza wa Petro, sura ya pili, unaowaagiza watumishi kuwatii hata mabwana walio wakali. Tukumbuke ulioandikiwa ni nani: watumwa wa nyumbani katika majimbo ya Asia Ndogo, watu wasiokuwa na namna ya kumpeleka bwana wao mbele ya hakimu. Petro aliwapa kile ambacho hakuna bwana angeweza kuwanyang'anya, yaani mfano wa Kristo aliyejikabidhi kwake ahukumuye kwa haki. Lakini Paulo, aliyekuwa raia wa Rumi, alipopigwa Filipi bila kuhukumiwa alikataa kutolewa gerezani kwa siri, akataka wakubwa waje wenyewe. Na baadaye, mbele ya Festo, alikata rufani kwa Kaisari. Sisi tuko upande wa Paulo, kwa maana mlango tunao.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kabla ya kumweleza mfanyakazi kwa maandishi chanzo cha deni na jinsi lilivyokokotolewa, na kumpa nafasi ya kulipinga. Aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi; migogoro mingine ina siku 60. Nawasihi mzihesabu siku hizo. Nimemwona mpendwa aliyefunga na kuomba siku 40, na alipofika Tume ikambidi kwanza aombe kusamehewa kuchelewa. Angeweza kufunga huku fomu imeshajazwa.

Nami, katika mwezi wa sita wa makato yale, niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaambatisha nakala ya leja na orodha ya zamu. Kabla ya kuipeleka niliomba nisiwe na neno la kumkomoa mtu ndani yake, na sentensi mbili nikazifuta. Makato yalikoma. Yale ya miezi mitano hayakurudishwa, kama ambavyo Yakobo naye hatusomi kwamba alirudishiwa chochote. Yeye na Labani walikusanya mawe, wakala chakula juu ya chungu ile, na asubuhi kila mmoja akashika njia yake. Meneja yule na mimi tulisalimiana kila asubuhi hadi siku niliyoondoka, na salamu yangu ilikuwa ya kweli.