Mkeo Si Sababu ya Kuishi: Mazungumzo na Wachumba, Ujiji

Bwana Yesu asifiwe. Mliosimama mlangoni sogeeni mbele, leo hatuchangishi.

Nimeombwa niseme juu ya kusudi la maisha na ndoa. Kwa kuwa tuko Ujiji, nianze na mzee ambaye wageni hushuka Kigoma kumwulizia: mmisionari David Livingstone. Kila mtoto wa shule hapa anajua kwamba Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alimkuta hapa mwaka 1871. Wachache huuliza mkewe alikuwa wapi. Alikuwa ameshafariki tangu 1862, kwa homa, huko Shupanga kando ya Mto Zambezi. Mke huyo, Mary Moffat, aliolewa mwaka 1845. Alivuka Kalahari akiwa mjamzito, na mwaka 1850 alizika kichanga muda mfupi baada ya safari kama hiyo. Mwaka 1852 mumewe akampandisha meli Cape Town na watoto wanne waende Uingereza, yeye akarudi bara. Hawakuonana tena hadi mwishoni mwa 1856.

Simhukumu. Biashara ya watumwa aliyoipigia kelele ilipita hapahapa. Lakini gharama ya wito ule, sehemu kubwa ililipwa na Mary.

Huko ni kazi ya Mungu kumeza nyumba. Vijana wa leo naona mnaangukia upande wa pili. Kaka hajui anaishi kwa ajili ya nini, anasema nikioa nitatulia. Dada anasema nikiolewa nitaheshimika. Kamati inaundwa, kadi za michango zinagawiwa, sendoff, sare, ukumbi, na kwa miezi yote hiyo Yesu anatajwa kwenye sala ya kufungua kikao tu. Mnacheka, lakini mnajua.

Someni Mwanzo sura ya 2 taratibu. Mstari wa 15, Adamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Mstari wa 18 ndipo Mungu anasema si vema awe peke yake. Hawa alikuja akakuta kazi ipo na mwenye kazi yupo, akashiriki. Ukimtaka mwenzako awe sababu ya maisha yako, unamtwika mzigo ambao hata Mungu hakumtwika. Siku atakayonuna wiki nzima, utaona maisha yote yamekosa maana.

Ndiyo maana Paulo, katika 1 Wakorintho 7, anamsifu asiyeoa bila kigugumizi. Sisi tunamwombea dada asiyeolewa kila Jumatano kama mgonjwa. Tuache.

Ndoa basi inafaa nini? Nendeni mwaloni Kibirizi alfajiri, siku za giza, mwezi usipoonekana. Mume anarudi ziwani alikokesha na taa. Mke anapokea dagaa, anaanika, anageuza, anakimbizana na mvua, anabishana bei na wachuuzi. Hakuna anayetamka neno kusudi. Ila fedha ikishapatikana, imani ya nyumba ile inaonekana: ada ya mtoto gani inalipwa kwanza, wazazi wa upande upi wanatumiwa, zaka inatoka au haitoki, na je, wote wawili wanajua kilichouzwa? Waefeso 5:21 unataka mnyenyekeane, nyote wawili, kabla ya ule wa 22 ambao akina baba mmeukariri. Mimi unyenyekevu huo naupima kwenye daftari la mauzo.

Sasa wachumba, nina kazi yenu. Matangazo ya ndoa husomwa kanisani Jumapili tatu, na Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inataka notisi ya siku 21. Muda huo wote msiumalize mkifukuzia ahadi za michango. Kaeni, kila mmoja amweleze mwenzake angemtumikia Mungu kwa lipi kama harusi hii isingekuwepo. Mmoja akikosa jibu, njooni kwangu wote wawili, hata kama kadi zimeshachapwa.

Dada wa pale dirishani, mkono wako uko juu tangu nilipotaja zaka. Haya, uliza.