Masista Kumi na Wawili na Gari la Samaki

DEO: Leo tunaingia moja kwa moja, maana Upendo amekuja studio na kikao cha Jumamosi bado kinamchoma.

UPENDO: Kinanichoma kweli. Mdogo wangu anaoa, hilo mnalijua, tumelisema humu mpaka mmechoka. Mahari tulishamaliza, ukumbi umelipiwa. Tumekaa na upande wa bibi harusi kwa amani kabisa, mjomba wao mmoja akauliza, "Sasa ndoa inafungwa kanisa gani?" Watu wakaanza kuangalia vikombe. Baba akasema ndoa inafungwa kwa mwanaume, kwa hiyo ni usharikani kwetu, kwa Walutheri. Mjomba akajibu kwamba binti yao hatolewi nje ya Kanisa Katoliki.

DEO: Na kwa upande wetu Wakatoliki ndoa mseto, ya Mkatoliki na Mkristo wa kanisa lingine, ina utaratibu wake. Inaombewa ruhusa kwa askofu, na yule mwenzi Mkatoliki anaahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe Kikatoliki.

UPENDO: Hapo kwenye watoto ndipo baba aliposimama! Nikawaza, huu ugomvi uliwashwa Ujerumani miaka 500 iliyopita, na mle ndani hakuna hata mmoja aliyetaja ulianzia kwenye nini.

DEO: Ndiyo mada yetu: Matengenezo ya Kanisa, yaliyowatenga Waprotestanti na Wakatoliki. Tumeandaa sababu tatu, matokeo matatu na mafunzo matatu. Sababu ya kwanza, deni. Albrecht wa Brandenburg alikuwa tayari askofu mkuu wa Magdeburg, akautaka na uaskofu mkuu wa Mainz. Kushika vyote viwili kulihitaji kibali cha Roma, na kibali kililipiwa. Akakopa kwa akina Fugger, matajiri wa Augsburg. Papa Leo X akamruhusu hati za rehema, yaani hati za kuondolewa adhabu ya dhambi, zihubiriwe katika maeneo yake: nusu ya fedha ilipe deni, nusu ijenge Basilika la Mtakatifu Petro kule Roma. Mhubiri Johann Tetzel akazunguka akiwaambia watu kwamba kwa hati hizo wanaweza kuwatoa marehemu wao toharani, mahali pa kutakaswa roho. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg, akatoa hoja zake 95 za kupinga mahubiri hayo.

UPENDO: Na hoja zile zilimfikia Albrecht mwenyewe, maana Luther alimwandikia barua siku hiyohiyo. Halafu mashine za uchapaji zikazisambaza. Lakini Deo, kabla hujafika sababu ya pili, naomba nizungumzie harusi.

DEO: Ya mdogo wako?

UPENDO: Ya Luther. Toka Jumamosi nasoma habari za mke wake, Katharina von Bora, na siwezi kukaa nazo. Alipelekwa kwa masista akiwa mtoto mdogo. Akaweka nadhiri mwaka 1515 katika utawa wa Nimbschen, ana miaka 16. Maandishi ya Luther yakapenya ukutani, yeye na wenzake wakataka kutoka, familia zao zikakataa kuwapokea. Wakamwandikia Luther. Na Luther akamtafuta mtu wa samaki.

DEO: Mtu wa samaki.

UPENDO: Leonhard Kopp, mfanyabiashara wa Torgau. Ndiye aliyekuwa akiwapelekea masista mapipa ya samaki wa chumvi. Usiku wa Pasaka mwaka 1523 gari lake likaingia na mzigo, likatoka na masista 12.

DEO: Ndani ya mapipa?

UPENDO: Simulizi za baadaye ndizo zinazowatia ndani ya mapipa. Gari lenyewe lilitosha. Mama mkuu anawafahamu, magurudumu yanalia, na kumtorosha mtawa lilikuwa kosa ambalo mtu angeweza kuuawa kwalo. Watatu wakarudi kwao, tisa wakafika Wittenberg. Na Luther hakuficha, alichapisha barua ya wazi iliyomtaja Kopp kwa jina.

DEO: Akamtangaza mtu wa samaki? Angekamatwa je?

UPENDO: Luther alisema kazi ya Mungu haifichwi. Basi wale masista wakatafutiwa waume, makazi au kazi, akabaki Katharina. Wakamletea mchungaji mmoja, Kaspar Glatz. Akakataa kabisa. Akasema ataolewa na Nikolaus von Amsdorf, rafiki wa Luther, au Luther mwenyewe.

DEO: Yaani bibi harusi ndiye aliyepeleka posa!

UPENDO: Tarehe 13 Juni 1525 wakafunga ndoa. Philipp Melanchthon, rafiki wa karibu wa Luther, hakualikwa, akanuna, akamwandikia mwenzake barua ya Kigiriki kulalamika. Lakini sherehe ya tarehe 27, nani aliandikiwa mwaliko?

DEO: Usiniambie.

UPENDO: Kopp! Tena akaombwa alete bia nzuri ya Torgau.

DEO: Mtu wa samaki yuko kamati ya vinywaji. Huyu nampenda. Sababu ya pili...

UPENDO: Ngoja, samaki hawajaisha. Waliishi katika nyumba ya watawa iliyoachwa wazi, na Katharina akaigeuza. Anapika bia, anafuga nguruwe, analaza wanafunzi wanaolipa, ana bustani na bwawa la samaki. Luther alimwita "Bwana Käthe". Kwangu mimi hilo ni tokeo kubwa la Matengenezo ya Kanisa kuliko vita vyote tulivyopanga kuvisema. Mke wa mchungaji, ambaye siku za nyuma angeitwa suria wa padri, sasa anakaa mezani mbele ya watu.

DEO: Hapo ndipo nakukatalia, dada. Unasimulia gari lililotoa masista kwa hiari yao. Mimi nina jingine. Nuremberg, utawa wa Mtakatifu Klara, mama mkuu Caritas Pirckheimer, mwanamke aliyejua Kilatini na kuandikiana na wasomi wakubwa. Tarehe 14 Juni 1525, siku moja tu baada ya ndoa ya Luther, akina mama wa mjini waliokwisha kuwa Waprotestanti walikwenda kuwachukua binti zao watatu. Mabinti wakalia, wakamshikilia Caritas, wakasema hawataki. Wakavuliwa mavazi ya kitawa, wakaburutwa nje, na watu wamejaa kutazama. Caritas aliyaandika yote hayo.

UPENDO: Na mimi nasema walikosea. Hata Melanchthon alipofika Nuremberg mwaka huohuo alishauri wasilazimishwe.

DEO: Wakaachwa, lakini wakakatazwa kupokea sista mpya hata mmoja, mpaka wa mwisho afe. Ulikuwepo mlango ambao msichana angepita akasoma, akachaguliwa kuwa kiongozi, akasimamia mashamba na hesabu bila mume. Mji ukaufunga. Aliyebaki anaambiwa, olewa.

UPENDO: Katharina aliingizwa kwenye mlango huo akiwa mtoto! Nani alimuuliza? Na Luther alidai mwaka 1524 miji ifungue shule za wasichana pia.

DEO: Shule za kumfundisha asome Biblia na kutunza nyumba. Caritas aliongoza taasisi.

UPENDO: Kwa ruhusa ya wanaume waliokuwa juu yake. Sikubali, Deo.

DEO: Na mimi sikubali. Luther alipofariki mwaka 1546 aliacha wosia kwamba Katharina arithi na asimamie watoto. Sheria ya Saksonia haikuutambua, ikataka wasimamizi wanaume. Mke wa Luther mwenyewe!

UPENDO: Sheria hiyo ilikuwepo kabla ya Luther, na yeye ndiye aliyejaribu kuipita. Unamlaumu aliyegonga ukuta badala ya aliyeujenga.

DEO: Fundi mitambo ananyoosha mkono, dakika zimeisha. Sababu ya pili hatujaigusa, amani ya Augsburg ya 1555 hatujaigusa, vita vya Miaka Thelathini, vya 1618 mpaka 1648, hatujavigusa.

UPENDO: Na mafunzo matatu?

DEO: Yaache, hayajaiva. Wiki ijayo tuanze na Augsburg, mtawala mmoja na dini ya watu wake wote.

UPENDO: Tuanze na Caritas. Nakuja na majibu.

DEO: Njoo nayo. Kwaherini.