Ndege Wageni wa Kaskazi: Fuata Maji, Usifuate Saa

Wazee wangu shikamooni. Na ninyi mliorudi Mtwara na Lindi kwa likizo ya Desemba, karibuni nyumbani.

Sasa hivi Siberia na Ulaya ya kaskazini ni baridi kali. Ardhi imeganda, na ndege anayeishi kwa kuchokoa minyoo topeni hana pa kuingiza mdomo. Ndiyo maana vitwitwi na sululu huanza kutufikia Agosti na Septemba, wengi wakakaa hadi Machi au Aprili. Sisi tunalalamikia joto la kaskazi, wao ndilo walilolifuata.

Kinachomharibia mtazamaji wa ndege siku yake ni kufuata saa ya mkononi badala ya kufuata maji. Maji yakipwa kabisa, ndege wametawanyika hadi ukingoni mwa mwamba. Utaona vitone tu, na kuanzia saa tatu asubuhi hewa ya moto juu ya mchanga inavitetemesha. Yakijaa kabisa, wameshahama. Wakati mzuri ni saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa: eneo la kulia linapungua, bahari inawasukuma, nao wanakuja wenyewe hadi ulipokaa.

Hesabu yake wavuvi wanaijua. Nawaambia mliotoka Dodoma. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, kwetu maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na kupwa karibu saa nne. Kila siku ongeza wastani wa dakika 50. Baada ya wiki moja, yakiwa maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, kujaa kunaangukia karibu saa nne asubuhi. Kwa hiyo siku za bamvua toka saa saba au saa nane mchana, na siku za maji mafu toka saa moja asubuhi.

Kwa Lindi mjini, kutoka mchana siku za bamvua kuna faida ya pili. Mji unatazama mashariki, hivyo asubuhi jua linakupiga machoni na kila ndege anaonekana mweusi. Alasiri jua liko mgongoni mwako, na rangi ya miguu, ambayo ndiyo tunayoitafuta, inaonekana wazi. Mikindani, kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, barabara inapita karibu na maji; huhitaji hata kuvua viatu. Shangani, ufukwe wa Mtwara mjini, kuna mwamba, vaa viatu vya kufunga. Darubini usiielekeze bandarini, utajibu maswali mchana kutwa.

Darubini yenyewe iwe ya 8x42: inakuza mara nane, na lenzi ya mbele ina milimita 42. Ya kukuza mara kumi na mbili inavutia dukani, lakini upepo wa kaskazi ukikutikisa mkono huoni kitu.

Sasa utambuzi. Acha rangi ya mgongo, maana msimu huu karibu wote ni kijivu au kahawia. Tazama mdomo, miguu na mwendo. Sululu mwenye mistari kichwani ana mdomo mrefu uliopinda chini, na mlio wa haraka wa miluzi kama saba. Kitwitwi mdogo mwenye mdomo uliopinda kidogo, akiruka akaonyesha weupe juu ya mkia, ni yule atakayegeuka mwekundu kama kutu kabla ya kuondoka Aprili. Mwenye miguu ya njano na mdomo uliopinda juu, anayekimbia huku na huku akifukuza kaa, ni mgeni pia. Anayetikisa mkia bila kupumzika mara nyingi yuko peke yake. Kuna mmoja wa kijivu, mnene, anayekimbia hatua chache kisha anasimama: subiri aruke, utaona makwapa meusi. Wale wa aina mbili wa mchangani wanaofanana karibu kwa kila kitu, tofauti kubwa ikiwa ukubwa wa mdomo, siku ya kwanza waacheni. Wanawasumbua hata mabingwa.

Anayestahili safari ni mla kaa, kwa jina la kisayansi Dromas ardeola: mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene kama wa shakwe. Huyu hatoki Siberia. Huzaliana pwani za Uarabuni na jirani zake, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Mtafuteni Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, lipeni kabla ya kushuka pwani.

Bamvua kubwa likifunika fukwe zote, kundi huhamia mashamba ya chumvi. Ombeni ruhusa kwa mwenyewe, mpite kwenye matuta, msikanyage majaruba. Ndege waliolala wakiinua vichwa wote kwa pamoja, simama hapo hapo. Wakianza kutembea, rudi nyuma. Kila wanaporuka wanaunguza mafuta waliyoyaweka kwa safari ya kurudi.

Kuhesabu: hesabu kumi, jifunze ukubwa wa fungu hilo machoni, kisha pima kundi zima mafungu kwa mafungu, likiwa limetua. Kundi likiwa angani watu wengi hukisia pungufu. Na ukiona pete za rangi miguuni, walizovishwa na watafiti, andika toka juu kwenda chini, ukianza na mguu wa kushoto. Kushoto kwa ndege, si kwako.