Alama Nne Ndogo: Kusoma Maumivu ya Paka Baada ya Upasuaji

Wenzangu wa mifugo, na ninyi wafugaji mliokubali kukaa na sisi asubuhi hii ya baridi ya Mbeya, asanteni. Kamwene kwa waliopanda basi kutoka Iringa na Njombe. Namna ya kuhasi sitaigusa. Mnaijua, na wapo humu wanaomaliza paka dume kabla chai haijapoa. Ugomvi wangu, na wengine mmeshauchoka, ni na kinachoandikwa kwenye daftari baada ya mshono wa mwisho: “Paka anaendelea vizuri.” Saa nne, vizuri. Saa sita, vizuri. Vizuri kwa kipimo gani? Aliyeandika alipita mlangoni, akaona paka amejikunja kwenye kona ya kizimba, hapigi kelele, akaenda zake.

Mbwa akiumia mtaa mzima utajua. Paka anajificha. Ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa, na mnyama wa aina hiyo akionyesha udhaifu porini haishi kesho. Kwa hiyo anayelala kimya, uso ameugeuzia ukuta, huyo ndiye wa kumtazama kwanza.

Tumtazame wapi? Usoni. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha kipimo cha uso wa paka. Sehemu ni tano, na kila moja inapewa 0, 1 au 2. Masikio: yakitazama mbele ni 0, yakianza kuachana ni 1, yakilala na kugeukia nje ni 2. Macho: wazi 0, yamefumba kiasi 1, yamebanwa 2. Pua na mdomo: vikiwa laini na vya duara ni 0, vikikaza kidogo 1, vikikaza hadi kuonekana vimebonyea kama yai 2. Sharubu: zimelegea na kupinda 0, zinaanza kunyooka 1, zimenyooka na kusogea mbele 2. Kichwa: juu ya mstari wa mabega 0, sawa na mabega 1, chini ya mabega au kidevu kimeelekea kifuani 2. Jumla ya juu kabisa ni 10. Ikifika 4, paka anahitaji dawa ya maumivu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo tunapopotea. Chukua paka jike wa kilo 3 aliyetolewa kizazi. Masikio yameachana kidogo, 1. Macho nusu, 1. Mdomo umekaza kidogo, 1. Sharubu zimenyooka kiasi, 1. Kichwa kiko juu, 0. Jumla 4. Hakuna kitu hata kimoja usoni pake ambacho kingekusimamisha ukipita na ndoo mkononi! Kila kimoja ni “kidogo tu”. Ukitazama kwa jumla utaandika vizuri. Ukihesabu, utavuta sirinji. Ndiyo maana nang'ang'ania namba.

Najua mtakaloniambia: “Mtaalamu, lakini alikuwa anakoroma.” Paka hukoroma akifurahi, hukoroma akizaa, na wengine hukoroma wakiwa taabani. Mkoromo hauna alama kwenye kipimo hiki, uacheni. Wa pili atasema paka wake ni mkali tu, ndiyo maana kalaza masikio. Sawa, woga nao hulaza masikio, lakini aliyeogopa kwa kawaida hutoa macho, mboni pana, anakufuata kwa macho kila unapokwenda. Anayeumia hubana macho. Basi simama mbali, usimkazie macho, mtazame kama nusu dakika ndipo uandike. Usimpime akiwa amelala, anakula, anajilamba au analia, kwa sababu uso unabadilika kwa shughuli hizo. Na mpime kabla ya upasuaji pia. Madume wetu wa Mwanjelwa wana masikio yaliyochanika kwa ugomvi wa usiku. Usipojua sikio lilikaaje asubuhi, mchana utalipatia alama lisizostahili.

Ukimaliza uso, angalia mwili. Mgongo umepinda, tumbo amelivuta ndani, amekaa kifua chini na viwiko vimetoka nje? Analamba mshono bila kuacha? Kisha fungua kizimba, mwite, mguse kuanzia kichwani, shuka mgongoni, halafu vidole viwili vibonyeze taratibu pembeni mwa mshono. Akigeuka kutazama mkono wako, akikaza tumbo au akitaka kuuma, hiyo ni habari. Wanaotumia kipimo kingine cha maumivu ya paka, kile cha Glasgow, chenye jumla ya 20 na dawa kuanzia 5, mguso huo umo ndani yake. Chagueni kimoja mkizoee. Sina vita na Glasgow.

Vitu viwili vinadanganya. Cha kwanza ni ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji. Inaacha macho wazi, mboni pana, kichwa kinayumba, kwa hiyo alama za dakika za mwanzo hazina maana. Subiri paka aweze kuinua kichwa na kujiweka sawa, kisha pima kila saa moja kwa saa nne hadi sita za kwanza. Na asiniambie mtu kwamba zailazini, dawa ya kumlegeza na kumlaza mnyama, aliyompa asubuhi bado inatuliza maumivu jioni: usingizi wake hukaa muda mrefu kuliko utulizaji wake, ndiyo maana unaona paka mzito na kumbe anaumia.

Cha pili ni baridi. Mwezi Juni na Julai, Makete au hapa Uyole, paka wa kilo 3 aliyenyolewa tumbo na kulowanishwa spiriti anapoteza joto haraka mno. Anajikunja, anashusha kichwa, anabana macho. Pima joto: la kawaida ni kama 38 hadi 39.2. Akiwa chini ya 37.5, mpashe joto kwa chupa za maji ya uvuguvugu zilizofungwa taulo, halafu rudia alama. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hapana, mtawaua wote wawili, paka na mlinzi. Ila msiifanye baridi kisingizio cha kunyima dawa. Paka mmoja anaweza kuwa na baridi na maumivu pamoja. Mkisitasita, mpeni dawa, mtazame tena baada ya nusu saa hadi saa moja: alama zikishuka, mmepata jibu.

Naambiwa nina dakika tano. Haya, dawa, mbiombio.

Ganzi mnayo kabatini wote. Dume wa kilo 3, lignokaini ya asilimia 2 isiyo na adrenalini, miligramu 2 kwa kilo, jumla mililita 0.3, nusu kila korodani. Vuta sirinji kwanza uone kama damu inaingia, ndipo usukume, halafu subiri dakika chache kabla ya kisu.

Meloksikamu, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe: miligramu 0.2 kwa kilo, sindano moja chini ya ngozi. Kwa kilo 3 ni miligramu 0.6. Ile chupa ya ng'ombe ya miligramu 20 kwa mililita ingekupa mililita 0.03, tone lisilopimika, ukikosea kidogo tu umempa dozi mara tatu na figo ndizo zitakazolipa. Tumia ya miligramu 5 kwa mililita, ambayo ni mililita 0.12, kwa sirinji ya insulini ya mililita 1. Dozi zinazofuata ni miligramu 0.05 kwa kilo kwa mdomo, mara moja kwa siku, pamoja na chakula, zisizidi siku nne. Usimpe aliyekaukiwa maji wala mgonjwa wa figo. Na ile desturi ya kumalizia kila mnyama kwa deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, “ili apate nguvu”: ukiichanganya na meloksikamu unamtoboa tumbo.

Wafugaji, nyumbani angalieni uso uleule, na kama anakwenda kwenye mchanga wake na kurukia gunia la mahindi kama zamani. Panadoli kamwe! Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama letu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Fizi zikiwa za bluu au za kahawia, uso na nyayo zimevimba, mlete saa hiyo hiyo. Wataalamu, asetilisisteini, dawa ya kuzuia sumu ya panadoli, inapatikana kwenye famasi za hospitali za binadamu: miligramu 140 kwa kilo kuanzia, kisha 70 kila saa sita.

Nilikuwa na sehemu ya meno na mifupa, lakini mwenyekiti ameshasimama. Picha za nyuso zipo ukutani pale nyuma, kumi, hazina majibu. Kila mtu aandike alama zake kabla ya kwenda kula, bila kuchungulia za jirani.