Barabara Iliyokatwa na Mlima: Matembezi ya Réunion

Asalaam alaykum ndugu zangu wa Lamu. Mkomani, Langoni, Shela, waambaje? Leo twendeni matembezi. Nimetoka Saint-Denis, mji mkuu wa kisiwa hiki cha Réunion, alfajiri, nashuka na pwani ya mashariki. Bahari iko kushoto, mlima kulia. Bahari ni hii hii yetu ya Hindi, ila mchanga mweupe wa Shela huku hamna, ni mawe meusi tititi.

Sainte-Suzanne tumeshaipita, lakini siwezi kunyamaza. Hapo mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, aligundua namna ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Kabla yake mavanila yalichanua bila kuzaa. Kisiwa kikatajirika kwa vanila, na yeye akafa maskini mwaka 1880. Kila nikipita huniuma.

Hili kanisa mnaloliona ni la Piton Sainte-Rose. Mwaka 1977 uji wa volkano ulishuka mpaka kijijini, ukachoma nyumba za watu, ulipofika hapa ukagawanyika, ukalizunguka, ukaganda mlangoni. Tazameni, jiwe limegusa ukuta.

Sasa tuko Grand Brûlé, mteremko wa volkano unaoshuka mpaka baharini. Ngojeni niegeshe. Kila mkondo wa uji ulioganda una kibao cha mwaka wake kando ya barabara, na huu ni wa 2007. Uliikata barabara hii yote ukamwagikia baharini, nchi ikaongezeka. Watu wakaja wakapitisha barabara juu yake. Mlima ukikata, wao hutengeneza tena.

Nasogeza simu, muone. Jiwe lina matundu kama mkate wa mofa, na makali yake yakwaruza kidole. Ndani ya ufa huu kangaga limeota, bichi kabisa, na udongo haupo. Mwaka 2007 mimi nilikuwa chuoni Langoni nasoma juzuu. Kwa hiyo ardhi hii ninayoikanyaga ni mdogo wangu! Nyumba yetu kule ni ya matumbawe, jiwe lililotoka baharini. Hili limetoka motoni likaenda kuitafuta bahari.

Bibi, uliniambia nikuletee jiwe la huku. Nimelishika mkononi muda mrefu, nimelirudisha. Kangaga lilikuwa limeshalishika.

Haya, wingu limeshuka mlimani na matone yameanza. Mpaka Saint-Philippe ni kona tupu, naiweka simu chini niendeshe.